Mkono wa Dresa Edimu

Kama kuna mtu aliyezaliwa Paya akapenda usafi kuliko Peninah Akongo, basi mtu huyo alijificha vizuri. Sista Peninah, muuguzi, alikuwa akinusa vidole vya madresa, wasaidizi wake wa tiba, kabla ya kazi. Ndiyo, kunusa! Asiyenukia spiriti alirudishwa kwenye karai mbele za watu, awe na mvi au awe bado ana chunusi. Na nani angebishana naye? Mwaka ule wa sitini na saba ndui ilikuwa imepiga hodi nyumba kwa nyumba kutoka Tororo hadi Busia, na sista alikuwa mmoja tu.

Kambi yao ilikuwa ghala la pamba nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda. Msimu ule pamba haikuingia mle, waliingia wagonjwa. Walilazwa kwenye mikeka safu mbili, na waliowahudumia walikuwa wawili, maana madresa wengine walitawanywa vijijini kuchanja: Peninah, na dresa wake Osborn Edimu. Peninah alikuwa Mjapadhola, Edimu Mteso, hivyo walizungumza Kiswahili cha mpakani, kile kisichojali sana sarufi mradi mtu aeleweke.

Edimu huyo, ungemwona mwanzoni! Mrefu, miguu kama ngazi, mdomo haukosi mluzi wa nyimbo za kanisani. Akichanja watoto aliwachezea ngoma ya mabega hadi wakasahau sindano. Wiki saba kabla ya siku ninazozisimulia, Peninah alimtuma kijiji cha Masinya peke yake kuchanja watu, na alimpa amri kama anavyompa kila mtu: lowesha pamba kwa spiriti, futa mkono mara mbili, weka tone la dawa papo hapo, chanja, andika kadi, mwingine aje. Edimu hakuruka hata hatua moja. Alichanja Masinya siku mbili, akarudi amechoka, anacheka, na tangu hapo wagonjwa wa ghalani hawakumpa yeye wala sista nafasi ya kwenda kuchanja kwingine.

Siku ya nane mtu anatakiwa kurudi kutazama mikono. Chanjo ikishika, lengelenge huota pale palipochanjwa, na baadaye kovu. Lakini siku ya nane ilipofika ghala lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekwenda Masinya kutazama mkono wa mtu.

Kisha Masinya ikaja yenyewe. Waliletwa kwa baiskeli, waliletwa kwa machela ya matawi, uso mzima ndui na kadi ya chanjo mfukoni, yenye sahihi ya Edimu.

"Sista," Edimu alisema siku ya kwanza, "huyu mimi ndiyo nilichanja."

"Umechanja wengi."

"Angalia mkono yake. Hakuna alama."

"Jikaze, Edimu. Wewe ni mwanamume."

Alimwambia hivyo mara ya kwanza, akamwambia hivyo mara ya tano. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sista aliutazama mzigo wa Edimu akauona mwepesi kweli. Yeye mwenyewe alikuwa hajalala vizuri tangu kambi ifunguliwe, sasa mtu mzima alie kwa nini?

Edimu akaacha mluzi. Halafu akaacha kula posho, ugali wa kambini. Alikuwa akiikanda vidoleni mpaka inapoa, kisha anaimwaga kwa kuku. Usiku alikaa mlangoni. Mikono aliisugua kwa sabuni ya mche na brashi ya sakafu hadi ngozi ikachanika, na kaka yake alipotoka Tororo kuja kumsalimu, Edimu aliificha nyuma ya mgongo akakataa kumshika. Mfukoni alitembea na kipande cha bendeji. Kila aliyechanjwa naye akifa, alifunga fundo. Wagonjwa waliyaona mafundo hayo, na wagonjwa wana midomo. Muda si muda Busia nzima ikajua: dresa yule ana mkono mbaya, akikugusa umekwisha.

Peninah aliyasikia hayo akayaita upuuzi. Mafundo yalikuwa tisa.

Jumatatu asubuhi wakaletewa mzee Okanya wa Masinya. Ndui ilikuwa imemtoka usoni jana yake. Walimsindikiza mkewe, wanawe wakubwa watatu na wajukuu watatu, mdogo wao msichana wa miaka minne aitwaye Amongin, kavaa gauni la kanisani, maana alidhani wanakwenda safari. Wote saba walikuwa na kadi. Peninah alizikusanya, akazisoma moja moja, akawarudishia.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Mmechanjwa. Msiogope."

Edimu alikuwa amesimama kando. Aliutazama mkono wa Amongin akitafuta kovu, asilione, akaenda tena kwenye sabuni.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja Jared, mchanjaji wa upande wa Kenya. Alivuka mara kwa mara na chupa yake ya chai iliyojaa barafu, wakagawana dawa, maana ndui haikuwa na pasipoti. Alikuja pia kuwachanja wapagazi wa forodha, na Peninah akasimama kumtazama anavyofanya kazi. Jared alichovya pamba kwenye maji, akafuta mkono wa mpagazi, akakausha, akachanja.

"Ebo! Maji matupu?" Peninah alimaka. "Hata spiriti hupaki? Huo ni uchafu gani, bwana?"

Jared alicheka. "Spiriti ya nini, sista? Dawa hii ina uhai. Ukiiweka juu ya spiriti mbichi umeiua kabla haijaingia mwilini. Ni sawa na kumchanja mtu kwa mate."

"Wewe ulifundishwa na nani?"

"Si imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kifuniko cha kasha la dawa? Soma." Akaendelea na kazi yake, akipiga soga. "Ila dawa hii ni tamu, sista. Hata aliyekaa na mgonjwa, ukimchanja ndani ya siku tatu, nne, unaweza kuuwahi ugonjwa. Zikipita hizo, basi, umechelewa."

Peninah aliingia stoo akafunga mlango. Karatasi ilikuwa palepale, imebandikwa ndani ya kifuniko alichokifunua kila siku kwa wiki tisa. Mstari wa nne. Aliusoma mara mbili, akakaa juu ya gunia la mchele.

Mkono wa Edimu haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mdomo wake yeye Peninah. Madresa wengine walikuwa wavivu, wakijipaka spiriti vidoleni tu ili sista anuse, mikono ya watu wakaiacha kavu, na watu wao walisalimika. Edimu alitii. Na kwa sababu alitii, Masinya nzima ilikuwa imechanjwa bure.

Hapo ndipo angetoka mbio. Angepanda baiskeli jioni ileile, awafuate akina Okanya, akawachanje upya wote saba. Hakuna asiyeliona hilo, na yeye aliliona. Hakwenda.

Msimhukumu upesi, ingawa mimi mwenyewe nimemhukumu mara nyingi. Peninah alijiambia hivi: nikisema leo kwamba kadi za Masinya ni karatasi tu, watu hawatasema sista alikosea, watasema chanjo ni uongo. Watajificha. Nao walikuwa tayari wakiwaficha wagonjwa uvunguni, na yeye ndiye aliyekuwa akizunguka akiwafokea, "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Sababu ilikuwa nzuri. Lakini chini ya hiyo nzuri ilikuwepo nyingine: kwamba atavuliwa mkanda wa usista, kwamba baba yake kule Paya, aliyeuza ng'ombe wawili asome, atapata habari kanisani. Aliogopa. Basi, ni hilo tu, aliogopa kama mtu yeyote.

Jumanne akapanga kusema. Jumanne ikapita. Akafa kijana mmoja wa Masinya, na Edimu akafunga fundo la kumi mbele yake.

Jumatano saa nne asubuhi, Peninah alikuwa akibadilisha mikeka aliposikia mpishi akipiga ukunga nje. Alikimbia. Pale jikoni, kwenye sufuria walimochemshia sindano, Edimu alikuwa amepiga magoti, mkono wa kulia ndani ya maji yanayotokota. Halii. Uso umekakamaa, jasho linamchuruzika, midomo inacheza kana kwamba anahesabu.

Peninah alimvuta kwa shingo, wakaanguka wote wawili, sufuria ikamwagika motoni, mvuke ukawafunika.

"Una wazimu wewe? Una wazimu?"

"Niache, sista. Huu mkono naua watu." Edimu alisema polepole, kama anamweleza mtoto. "Mimi nachemsha sindano, sindano inakuwa safi. Nasema, kwa nini mkono haichemshwi? Kesho sokoni tutachanja watu mia tatu. Nitawagusa na nini?"

Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kubabuka. Peninah alimpaka mafuta, akamfunga bendeji. Neno alikuwa nalo. Si wewe. Maneno mawili! Mtu anayatamka akipiga chafya. Badala yake akasikia ulimi wake ukisema, "Pole. Pumzika. Jikaze kidogo tu, ndugu yangu, mpaka kesho tumalize soko."

Edimu alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na afadhali ingekuwepo. "Sista," alisema, "kesho nikimaliza soko, mimi naondoka."

"Unaenda likizo? Unaenda kwenu?"

"Naondoka tu."

Peninah alielewa. Siku nzima hakumwacha peke yake hata kidogo. Nyembe zote alizificha, na chupa za dawa kali akazifungia. Alidhani hiyo ndiyo tiba.

Alhamisi soko la Busia lilifurika mapema. Wauza omena, wauza mtama, wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani, wafanyabiashara wa Kenya waliovuka na masufuria na nguo. Polisi wa mpakani walikuwa wakidai kadi kwa kila mtu, kwa hiyo foleni ya chanjo ilizunguka banda la nyama mara mbili. Jared alikuja kusaidia. Meza ziliwekwa tatu: ya Jared, ya Peninah, na ya Edimu aliyeshika sindano kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia na bendeji. Peninah alikuwa amemwekea maji badala ya spiriti. "Imekwisha," alimdanganya. Alitumaini kulinyoosha jambo kimyakimya, bila mtu kujua.

Foleni mbili zilijaa. Mbele ya Edimu hakusimama mtu.

Polisi mmoja, kwa kutaka kusaidia, alimshika mwanamke aliyebeba mtoto akamsukuma kwenye meza ile. Mwanamke akapiga kelele soko likageuka.

"Huyo hapana! Mimi nakataa! Huyo namaliza watu ya Masinya!"

"Ni yeye?"

"Si unaona mkono yake inaoza? Mungu namwonyesha!"

Nyanya bovu lilimpiga Edimu kifuani. Halafu kigunzi. Halafu jiwe, dogo, lakini jiwe. Edimu hakujikinga. Aliweka sindano chini taratibu, akafungua vifungo vya koti lake jeupe kimoja kimoja, akalikunja, akaliweka juu ya meza, na akasimama akawatazama wale watu kama mtu anayesubiri wamalize haraka. Peninah aliuona uso huo. Jumatano alikuwa ameuona juu ya sufuria.

Akapanda juu ya kasha la dawa. Kasha lilelile.

"Mwacheni!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Mwacheni, nasema! Mkono wa Edimu hauna kosa. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwamuru apake spiriti, na spiriti inaua dawa. Imeandikwa hapa, ndani ya kifuniko hiki, na sikusoma. Watu wa Masinya hawakuchanjwa. Kadi zao hazina maana. Mwenye kadi ya Masinya aje achanjwe upya, leo, sasa hivi. Yeye alifanya nilivyosema. Ni mimi niliyewaua, si yeye!"

Aliyekuwa ameokota jiwe jingine alilidondosha.

Mwanamke mmoja alipenya watu akaja hadi kwenye kasha. Alikuwa Elinah, muuza mtama wa Masinya, aliyemzika mumewe wiki mbili zilizopita. Akatoa kadi mbili, yake na ya marehemu, akazichanachana, akamrushia Peninah usoni vile vipande. Kisha akamzaba kofi la mguuni, maana ndipo alipofika mkono wake, na akalia. Polisi alisogea, Peninah akamzuia. Elinah alipomaliza kulia alijifuta kwa kanga, akaenda meza ya Edimu, akakunja mkono wa blauzi.

"Wewe chanja mimi," alimwambia. "Wewe, si mwingine."

Edimu hakumchanja. Hakuwa hata anamtazama. Alikuwa anamtazama sista juu ya kasha.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema asubuhi hii.

"Jumatatu," alisema Peninah. "Baada ya Jared kuja."

Edimu akainua mkono wake mzima, akahesabu kwa vidole. Jumatatu. Jumanne. Jumatano, na hapo alitazama bendeji ya mkono wa pili kwa muda mrefu. Alhamisi. Watu walidhani atampiga. Peninah naye alidhani hivyo, na moyoni aliomba ampige kweli.

"Basi nyumba ya Okanya," Edimu alisema. "Wale saba. Sista, zile siku nne inakwisha. Twende."

Alimchanja Elinah kwanza, kwa kushoto, polepole, akimwomba samahani kila mkwaruzo. Kisha wakamwachia Jared soko. Peninah aliendesha baiskeli, Edimu akakaa nyuma na kasha magotini, kilomita zote hadi Masinya, na njiani hawakuzungumza. Waliwafuta wote saba kwa maji safi, wakaikausha mikono, wakawachanja. Amongin alitaka kujua kwa nini dresa amefungwa mkono. Edimu akachezesha mabega kidogo tu, mara moja, mtoto akacheka, na sindano ikapita.

Baadaye Edimu aliketi kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya ukuta wa jikoni kwa Okanya, juani. Peninah akasimama mbele yake.

"Nipe ile bendeji ya mafundo," alisema. "Ni yangu."

Edimu aliitoa mfukoni, akaitazama, akampa. Kabla Peninah hajaitia mfukoni, Edimu alikuwa amelala, kinywa wazi, nzi wakimtembelea usoni. Mke wa Okanya akawakataza wajukuu kelele. Alilala mpaka ng'ombe wakarudi zizini, na Peninah alikaa karibu naye akimfukuzia nzi.

Siku ya nane walirudi kutazama mikono. Mikono sita ilikuwa na lengelenge, nene, zuri, lenye kitovu katikati. Wa saba, wa Amongin, ulikuwa na lengelenge dogo lenye kusitasita. Siku ya kumi na mbili akapata homa. Ndui ilipomtoka usoni wakamleta ghalani na gauni lake la kanisani, na Peninah hakuondoka kwenye mkeka wake siku tisa. Barua kutoka kwa wakubwa wake wa kazi ilifika katikati ya siku hizo, hakuifungua.

Amongin alikufa Jumapili mchana, baada ya ibada.

Peninah aliifunga ile bendeji fundo la kumi na moja. Kisha akasimama, akalinyoosha gauni lake, akachukua sufuria ya sindano aende kuichemsha, maana ndivyo alivyofanya kila mara, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Alifika mlangoni. Edimu akamfuata, akaishika sufuria kwa mkono wa kulia, ule wenye ngozi mpya nyekundu, akaivuta kutoka mikononi mwake.

"Keti, sista," alisema.

"Kuna kazi."

"Iko. Nitafanya. Wewe keti chini, usijikaze."

Peninah alitaka kubisha. Hakubisha. Alikaa palepale kizingitini, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote. Edimu alienda kuwasha moto, akaweka maji, kisha akarudi akaketi kando yake.